Ushindi 8, vipigo 16: jinsi ya kuusoma msimu wa Nolan Ryan wa 1987

SWALI: Nimeishi Houston miaka mitatu sasa. Mzee mmoja ninayefanya naye kazi ghalani, shabiki wa Astros, timu ya besiboli ya hapa, tangu ujana wake, amenipa kadi ya zamani ya mrushaji wao Nolan Ryan akaniambia niitunze. Nyuma ya kadi, kwenye mstari wa mwaka 1987, imeandikwa kwamba alishinda mechi 8 na kupoteza 16, kisha kuna namba 2.76 na 270. Mzee anasisitiza kwamba mwaka ule hapakuwa na mrushaji bora kuliko yeye katika ligi yake. Mimi niliyekulia kwenye mpira wa miguu naona mtu aliyefungwa mara mbili ya alivyoshinda. Ni nani kati yetu amekosea?

JIBU: Ndugu msomaji, mzee wako hajakudanganya, ingawa yale maneno "hapakuwa na bora kuliko yeye" nitayapunguza kidogo huko mbele. Wewe nawe hujasoma vibaya. Umeanza tu kusoma kutoka safu inayopotosha kuliko zote zilizopo nyuma ya kadi hiyo. Msimu huo ni mfano mzuri wa jambo hili, kwa sababu namba zake mbili za mwanzo na mbili za mwisho zinaonekana kama ni za watu wawili tofauti.

Ryan alizaliwa Texas mwaka 1947, na alitimiza miaka 40 Januari 1987, miezi michache kabla msimu haujaanza. Alikuwa Astros tangu 1980. Timu yake ilikuwa imetoka kwenye mwaka mzuri sana, maana mwaka 1986 ilishinda mechi 96 na kuongoza kundi la Magharibi la Ligi ya Taifa. Lakini mwaka uliofuata iliporomoka hadi ushindi 76 na vipigo 86. Katikati ya anguko hilo mzee huyu wa miaka 40 aliongoza Ligi ya Taifa kwa mambo mawili kwa pamoja: kuruhusu mikimbio (yaani alama, ambayo timu hupata mchezaji wake anapozunguka bezi zote) michache zaidi kwa wastani, yaani ile 2.76, na kuwatoa wapigaji kwa straiki, yaani mpigaji kushindwa mara tatu bila kuupiga mpira, ile 270. Kwa hesabu ya straiki hakuna aliyemfikia hata katika ile ligi kuu nyingine, Ligi ya Marekani, ambako kinara, Mark Langston wa Seattle, aliishia 262.

Sasa tujiulize hiyo 8 na 16 inatoka wapi. Katika besiboli ushindi na kipigo cha timu huandikwa pia kwenye jina la mrushaji mmoja. Mrushaji aliyeanza mechi huandikiwa ushindi ikiwa amerusha angalau awamu tano kati ya tisa za mechi, ameondoka timu yake ikiwa mbele, na timu hiyo haikupitwa wala kufikiwa tena hadi mwisho. Kipigo huandikiwa yule aliyemruhusu mkimbiaji ambaye mkimbio wake uliwapa wapinzani uongozi wasioupoteza tena. Utaona kwamba nusu ya masharti hayo haimo mikononi mwa mrushaji. Ili timu iwe mbele lazima wenzake wapige mpira na kukimbia. Na ili isifikiwe lazima warushaji wa akiba, ambao huingia yeye akiwa amekwisha kukaa benchi na barafu begani, walinde alichowaachia. Ni kama vile katika mpira wa miguu kila mechi iandikwe kwa jina la golikipa: akifungwa bao moja na washambuliaji wake wasifunge lolote, basi yeye ndiye aliyepoteza.

Chukua jioni moja ya kufikirika. Mrushaji anarusha awamu saba, anaruhusu mkimbio mmoja, wenzake hawapati kitu, mechi inaisha 1-0. Ameandikiwa kipigo. Siku tano baadaye anaondoka timu ikiongoza 3-1, na mrushaji wa akiba anaingia na kuruhusu mikimbio miwili. Hapo ushindi wake umefutika, hata timu ikishinda baadaye. Linaloniudhi mimi kila mwaka ni kwamba wenzake wakirudi mbele mara tu baada ya hapo, ushindi huandikiwa yule yule aliyeuharibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye kilima, pale mrushaji anaposimama, wakati huo. Kanuni ni ya karne ya 19, wakati mtu mmoja alirusha mechi nzima na akiba ilikuwa jambo la dharura. Wakati ule ilikuwa na mantiki yake.

Ryan alianza mechi 34 mwaka 1987. Jumlisha 8 na 16 upate 24. Maana yake ni kwamba katika mechi 10 alizozianza hakuandikiwa ushindi wala kipigo, na matokeo yalimwendea mtu mwingine. Alirusha jumla ya awamu 211 na theluthi mbili, kwa hiyo kwa wastani aliondoka baada ya kupita kidogo awamu ya sita, na hakumaliza hata mechi moja peke yake. Kumbuka hilo la kutomaliza mechi, maana nitalirudia.

Mtu anaweza kusema kwamba hizo ni hoja za kumtetea mkongwe anayependwa. Basi tumpime na wenzake waliovaa jezi hiyo hiyo, wenye wapigaji hao hao nyuma yao. Bob Knepper, mrushaji mwingine wa Astros, alimaliza msimu huo akiwa na ushindi 8 na vipigo 17. Ukitazama safu hizo mbili tu utasema Ryan na Knepper walikuwa na mwaka mmoja. Lakini Knepper aliruhusu wastani wa mikimbio 5.27 kila awamu tisa, karibu mara mbili ya ule wa Ryan. Kwa upande wa pili alikuwepo Mike Scott, aliyekuwa ametwaa Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi, mwaka uliotangulia: wastani wake ulikuwa 3.23, mzuri lakini nyuma ya Ryan kwa karibu nusu mkimbio, naye alishinda mechi 16 na kupoteza 13. Watatu hao walicheza katika timu moja na uwanja mmoja. Aliyerusha vizuri kuliko wote na aliyerusha vibaya wameandikiwa karibu matokeo yale yale, na wa katikati ana ushindi mara mbili yao. Safu ambayo haiwezi kuwatofautisha Ryan na Knepper haistahili kuwa ya kwanza kusomwa.

Ukitaka mfano kutoka nje ya Houston, vuka uende Ligi ya Marekani mwaka huo huo. Aliyeongoza ligi hiyo kwa wastani alikuwa Jimmy Key wa Toronto, na wastani wake, amini usiamini, ulikuwa 2.76 vilevile. Key alishinda 17 na kupoteza 8. Timu yake ya Blue Jays ilishinda mechi 96, yaani 20 zaidi ya Astros. Kwa haki niseme kwamba 2.76 ya Key ilikuwa ngumu zaidi kuipata, kwa sababu katika ligi yake mrushaji hakupiga mpira. Nafasi yake ya kupiga ilishikwa na mtu aliyewekwa kwa kazi hiyo pekee, na wastani wa mikimbio katika ligi nzima ulikuwa juu. Katika Ligi ya Taifa warushaji walipiga wenyewe, na wengi wao walikuwa mteremko kwa mwenzao aliye kilimani. (Ryan mwenyewe hakuwa mpigaji wa kutegemewa, ijapokuwa mwaka huo alipiga homurani, yaani pigo la kuvusha mpira juu ya ukuta, ya pili na ya mwisho katika maisha yake yote ya mchezo.) Hata ukiitoa tofauti hiyo, pengo kati ya 17-8 na 8-16 haliwezi kuelezwa kwa ubora wa mikono ya watu hao wawili.

Geuza tena kadi yako utafute mstari wa 1977, alipokuwa na California Angels. Utakuta wastani wa 2.77, ushindi 19 na vipigo 16. Nakuomba uutazame vizuri mstari huo, kwa kuwa watu wengi wanadhani timu dhaifu peke yake ndiyo iliyoharibu mwaka 1987. Angels wa 1977 nao walikuwa timu ya kufungwa: ushindi 74, vipigo 88, chini hata ya Astros hawa. Wastani wa Ryan ulikuwa sawasawa, na vipigo vilikuwa 16 kwa 16. Kilichopungua ni ushindi, kutoka 19 hadi 8. Je, hizo 11 zilikwenda wapi?

Jibu liko kwenye safu ambayo wasomaji wapya huiruka, ile ya mechi zilizokamilishwa. Mwaka 1977 Ryan alianza mechi 37 na kuzimaliza 22 mwenyewe. Alirusha awamu 299, yaani zaidi ya awamu nane kila alipopanda kilimani. Kati ya mechi hizo 37, aliandikiwa matokeo katika 35. Hakukuwa na nafasi ya mtu mwingine kuingia na kumpotezea, na mechi iliyokuwa sare katika awamu ya saba alibaki nayo hadi wenzake wapate mkimbio. Mwaka 1987 mambo yalikuwa tofauti. Kiwiko chake kilimsumbua mwaka 1986, na uongozi wa Astros ukamwekea kikomo cha idadi ya mirusho kwa kila mechi. Akikifikia aliondoka, timu ikiwa nyuma, sare au mbele kwa uzi. Kwa hiyo vipigo vilibaki pale pale, kwa sababu mikimbio aliyoiruhusu mapema ilimfuata hadi benchi, lakini ushindi ambao zamani aliusubiri awamu ya nane na ya tisa sasa ulipatikana au kupotea yeye akiwa hayupo uwanjani. Wapigaji dhaifu walichangia, sikatai. Kikomo cha mirusho kilichangia zaidi ya inavyosemwa.

Mrushaji Steve Carlton anathibitisha hoja hiyo kwa njia ya kinyume. Mwaka 1972 Phillies walikuwa timu mbovu kupindukia, ushindi 59 na vipigo 97, na Carlton peke yake alishinda 27 kati ya hizo 59. Watu huutumia mfano huo kusema kwamba mrushaji wa kweli hushinda hata na timu mbovu. Wanachosahau kutaja ni kwamba alimaliza mechi 30 mwenyewe na kurusha awamu 346 na theluthi moja, kwa wastani wa 1.97. Hakuna daktari wala kocha ambaye angemruhusu mtu wa miaka 40 mwenye kiwiko kibovu kufanya hivyo.

Tuje sasa kwenye 2.76 yenyewe, maana uliuliza kama vile ni namba ya pembeni. Ni wastani wa mikimbio anayodaiwa mrushaji kwa kila awamu tisa, yaani kwa urefu wa mechi moja kamili. Mikimbio inayotokana na makosa ya walinzi, kama vile mtu kudondosha mpira uliokuwa mkononi, hadaiwi. Ryan aliruhusu mikimbio 75 mwaka huo, na 65 kati yake ndiyo aliyodaiwa. Zidisha 65 kwa 9, gawanya kwa 211 na theluthi mbili, utapata 2.76. Tahadhari moja: mahali pengine utaona awamu zake zimeandikwa 211.2. Hiyo ".2" si mbili ya kumi. Kila awamu ina wapigaji watatu wa kutolewa, na nukta hiyo inahesabu waliotolewa katika awamu ambayo haikutimia; .1 ni mmoja, .2 ni wawili. Wengi huingiza 211.2 kwenye kikokotoo kama ilivyo na kupata jibu lenye kosa dogo, kisha wanagombana na kadi.

Je, 2.76 ni nzuri kiasi gani? Mwaka 1987 ulikuwa mwaka wa homurani nyingi kuliko kawaida, na wastani wa Ligi ya Taifa nzima ulipita kidogo 4.00. Kwa hiyo kila mechi kamili Ryan aliiokolea timu yake zaidi ya mkimbio mmoja ukilinganisha na mrushaji wa kawaida.

Kuhusu 270 nitasema zaidi, kwa sababu hapo ndipo mkono wa mrushaji unapoonekana ukiwa peke yake. Mpigaji akigusa mpira, matokeo hutegemea pia miguu ya mlinzi, nyasi, upepo na bahati. Mpigaji akitolewa kwa straiki, hakuna mwingine aliyehusika zaidi ya mrushaji na mdakaji aliyechuchumaa mbele yake. Katika awamu zake zote Ryan alisimamia kutolewa kwa wapigaji 635. Aliowatoa kwa straiki ni 270, zaidi ya wawili katika kila watano. Kwa kila awamu tisa hiyo ni sawa na wapigaji 11.48, na kabla ya hapo hakuna mrushaji aliyetimiza awamu za kutosha katika msimu aliyewahi kufika huko. Rekodi hiyo ilidumu hadi Randy Johnson alipoivunja mwaka 1995. Jambo hilo alilifanya akiwa na miaka 40, umri ambao warushaji wengi walikuwa wamekwisha kuwa makocha au wavuvi.

Tena linganisha na ujana wake. Mwaka 1977 aligawa bezi za bure 204, kwa maana kwamba mara 204 mpigaji alipewa mipira minne mibaya akatembea hadi bezi ya kwanza bila kupiga. Mwaka 1987 aligawa 87 tu. Hata ukizingatia kwamba awamu zilikuwa chache, alishuka kutoka bezi za bure zaidi ya sita kwa kila awamu tisa hadi chini ya nne, huku straiki zikiongezeka. Mpira wake wa kasi haukuwa umepotea, na akiwa Houston alikuwa ameongeza rusho la kupunguza kasi, lile linalotoka mkononi kwa mkono ule ule lakini linachelewa kufika, mpigaji akiwa amekwisha kuzungusha gongo. Kwa maoni yangu alikuwa mrushaji bora mwaka 1987 kuliko 1977, kwa kila awamu aliyorusha, ingawa kadi inaonyesha 19 upande mmoja na 8 upande mwingine.

Niliahidi kumpunguzia mzee wako maneno. Kwanza, Astrodome, uwanja wa Astros wakati huo, ulikuwa umefunikwa paa na ulikuwa mpana, mipira mingi iliishia mikononi mwa walinzi badala ya kuvuka ukuta. Homurani 14 alizoruhusu Ryan msimu mzima zinapaswa kusomwa kwa kukumbuka hilo. Kuna kipimo kinachorekebisha wastani kwa kuzingatia uwanja na ligi, ambapo 100 ni mrushaji wa kawaida. Ryan alipata 142, namba kubwa sana hata baada ya kumtoza kodi ya uwanja. Pili, awamu 211 hazikuwa nyingi kwa wakati ule. Scott alirusha karibu 36 zaidi, na Key alifika 261. Kila awamu ambayo Ryan hakurusha ilirushwa na mtu mwingine, kwa kawaida asiye hodari kama yeye, na hiyo ni gharama kwa timu. Kwa hiyo ningesema hivi: kwa kila awamu hakuna aliyemzidi katika Ligi ya Taifa, kwa jumla ya kazi ya msimu mzima, mjadala upo, na Ryan anaingia humo akiwa miongoni mwa wachache wa mbele kabisa.

Wapiga kura wa Tuzo ya Cy Young hawakuona hivyo. Walimweka nafasi ya tano. Tuzo, kwa tofauti ndogo sana ya kura, ilikwenda kwa Steve Bedrosian wa Phillies, mrushaji wa akiba aliyelinda ushindi mara 40 lakini aliyerusha awamu 89 tu. Nyuma yake alikuwa Rick Sutcliffe wa Cubs, ushindi 18 na vipigo 10, na wastani wa 3.68, karibu mkimbio mzima juu ya Ryan. Ni wazi ni safu gani waliyoanza kuisoma. Ilichukua miaka 23 kwa wapiga kura hao kubadilika: mwaka 2010 walimpa tuzo hiyo Félix Hernández wa Seattle mwenye ushindi 13 na vipigo 12, katika timu iliyofungwa mara 101, kwa sababu wastani wake ulikuwa 2.27. Mwaka 2018 Jacob deGrom wa Mets akaipata kwa 10-9 na wastani wa 1.70, na hapo hakukuwa tena na ubishi wa maana. Msimu wa Ryan ungetokea leo, nadhani ushindi wake nane ungetajwa kama kichekesho tu.

Kwa hiyo ukiichukua kadi yako tena, ziba kwa kidole safu ya ushindi na ya vipigo, usome kwanza awamu, kisha straiki, bezi za bure na wastani, halafu ndipo uondoe kidole. Ukifanya hivyo kwa mistari yote utaanza kuona ni miaka gani Ryan alibebwa na timu na ni ipi aliyoibeba yeye.

Na utakapomwona mzee, mwulize kama alikuwa Astrodome jioni ya Septemba 9 mwaka huo, dhidi ya San Francisco Giants. Ryan aliwatoa wapigaji 16 kwa straiki, na alipomtoa Mike Aldrete akawa amefikisha 4,500 tangu aanze kucheza. Hakuimaliza mechi hiyo pia, kama ilivyokuwa kwa zote za mwaka ule, lakini safari hii wenzake walikuwa wamepata mikimbio minne, Giants waliishia miwili, na ushindi akaandikiwa yeye. Ni mmoja kati ya zile nane.